Hakuja na Sanduku: Binti wa Maskini Katika Nyumba ya Tajiri ya Kichina

Hu Yuan, msomi wa zama za Song aliyeishi kati ya mwaka 993 na 1059, aliacha shauri lililorudiwa na wakuu wa koo kwa karne nyingi baada yake: binti yako mwoze kwenye nyumba inayokuzidi, na mkaza mwana wako mtoe kwenye nyumba unayoizidi. Sababu aliisema wazi. Binti akienda kwa waliomzidi atawatumikia kwa adabu na woga. Mkaza mwana akitoka kwa wadogo atawanyenyekea wakwe. Unyonge wa kwao bibi harusi, basi, ulihesabiwa miongoni mwa sifa zake.

Watazamaji wa tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti ya Kiswahili wanaijua picha ya mama mkwe mkali na mkaza mwana anayelia jikoni. Picha hiyo ina ukweli, lakini inambebesha mama mkwe lawama yote, na wapo kina mama mkwe waliokuwa wapole tu. Ukitaka kujua mapema kama ndoa ya binti wa maskini ingekuwa chungu, roho ya mama mkwe ungeiweka mwisho. Kwanza ungeuliza ameingia kwa mlango gani, amekuja na mzigo gani, na akiumizwa nani atakuja kumuulizia.

Mlango

Tuanze kwa kupunguza chumvi. Kanuni ya kawaida ya ndoa ilikuwa *men dang hu dui*, milango inayolingana. Tajiri alioana na tajiri, na ule udogo wa Hu Yuan ulikuwa hatua moja au mbili chini, si kutoka ikulu hadi kibandani. Fukara halisi alipita kwenye nyufa.

Ufa wa kwanza ni bwana harusi mgonjwa. Nyumba yenye kijana mahututi ilikataliwa na nyumba za hadhi yake, ikamtafuta binti ambaye wazazi wake wasingeuliza maswali mengi. Ndoa hiyo iliitwa *chongxi*: furaha ya harusi itaisomba bahati mbaya na mgonjwa atapona. Kama hakuweza kusimama, jogoo aliweza kushikiliwa mahali pake wakati wa kusujudu. Mgonjwa asipopona, binti alikuwa mjane kabla hajawa mke, na lawama ilimwangukia yeye: ameingia na mkosi, nyota yake imemla mume. Ajabu ni kwamba nyota zile zilikuwa zimelinganishwa na watu wa nyumba hiyohiyo. Katika taratibu sita za ndoa, ya pili ilikuwa kuuliza jina na kuchukua herufi nane za kuzaliwa, yaani mwaka, mwezi, siku na saa, herufi mbili kwa kila kimoja. Karatasi yake iliwekwa mbele ya vibao vya mizimu ya ukoo, aghalabu siku tatu. Kikivunjika chombo au wakigombana watu ndani ya siku hizo, posa iliishia hapo. Nyumba yenye haraka ilijua namna ya kutoona kikombe kilichovunjika.

Ufa wa pili, na mpana kuliko wote, ni usuria. Kwa hili Kiswahili kina neno lake tayari. Mke alikuwa mmoja tu kisheria, aliyeposwa na mshenga, akaletwa kwa machela nyekundu kupitia lango kuu. Suria alinunuliwa. Wazazi wake walipewa fedha na kuweka alama ya kidole kwenye karatasi. Hakuvaa wekundu wa mke, na aliingizwa kwa mlango wa ubavuni. Siku ya kuingia alipiga magoti mbele ya mke mkubwa na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kikombe kikinywewa, amekubaliwa. Kikiachwa kipoe, hana mahali katika nyumba. Wazazi wake hawakuwa wakwe wa mtu yeyote. Hapo ndipo mtu wa nje hukosea, akadhani "mke wa tatu" ni mke kama wa kwanza ila amechelewa. Sheria ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, ilimwadhibu kwa fimbo 100 mtu aliyemshusha mke kuwa suria, na fimbo 90 aliyempandisha suria kuwa mke wakati mke yu hai. (Fimbo 100 za kwenye kitabu cha Qing zilichapwa 40 mwilini, lakini mwanzi mzito hauhitaji 100.)

Kijakazi aliyeuzwa utotoni, *mui tsai* kwa Kikantoni, alikuwa karibu zaidi na ufa huo, maana alikuwa ndani tayari. Miguu ilimsaliti. Binti wa nyumba nzuri alifungwa miguu tangu miaka mitano hadi minane, na sifa ilikuwa kuifikisha cun tatu, kama sentimita 10. Kijakazi wa Guangdong, jimbo la kusini, alibaki na miguu ya kufanyia kazi. Hata akizaa mtoto wa kiume na kupewa chumba chake, kila hatua kwenye sakafu ya mbao iliwakumbusha watu alikotoka.

Na yule mtoto wa kike anayechukuliwa na nyumba ya mume akiwa mdogo, *tongyangxi*? Hadithi humpeleka kwa matajiri. Mara nyingi alikwenda kwa watu wa kawaida au maskini wenzake waliotaka kukwepa gharama ya harusi. Matajiri waliiona ndoa hiyo inashusha hadhi. Mwanaanthropolojia Arthur Wolf alipochambua madaftari ya kaya yaliyoachwa na watawala wa Kijapani huko Haishan, kaskazini mwa Taiwan, alikuta ndoa za waliolelewa pamoja zina watoto wachache na talaka nyingi kuliko ndoa za kawaida. Watoto waliokua kama ndugu hawakupenda kulazwa chumba kimoja. Huo nao ni msiba, lakini ni wa nyumba nyingine.

Mzigo

Sasa tumchukue aliyepita lango kuu, mke halali kabisa, ambaye kwao ni maskini. Kwa nini bado aliumia?

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo kwetu tumezoea kimoja. Kuna *caili*, mahari itokayo kwa mume kwenda kwa wazazi wa binti. Na kuna *jiazhuang*, mali anayokwenda nayo bibi harusi. Familia yenye kujiheshimu haikuila mahari. Iliigeuza kuwa vitu vya binti na kuongeza ya kwake juu: sanduku la mti wa kafuri, mablanketi ya hariri, vito, vyombo vya kunawia, fedha taslimu, na kwa waliojiweza sana shamba, pamoja na kijakazi mmoja au wawili wa kwenda naye. Vitu viliandikwa kwenye orodha, vikafungwa utepe mwekundu na kubebwa kwa mizega mchana kweupe, mtaa mzima ukihesabu.

Familia maskini iliila mahari. Haikuwa na njia nyingine: kulikuwa na deni, au kaka wa binti alihitaji fedha hiyohiyo akatoe mahari ya mke wake. Binti akafika na mablanketi mawili na sanduku jepesi, na wapagazi walijua uzito wake kabla ya mtu yeyote. Ndani ya saa moja jiko zima limejua. Kuanzia hapo nyumba ya mume ilikuwa na neno la kumwambia kila ikikasirika, kwamba amenunuliwa.

Aibu ilikuwa sehemu ndogo. Katika nyumba kubwa isiyogawanywa mali yote ilikuwa ya pamoja chini ya baba mkwe. Vijana wenye wake na watoto hawakuwa na senti yao. Kilichokuwa nje ya chungu hicho ni mali ya mke kutoka kwao. Tangu sheria za nasaba za kale za Tang na Song, ndugu wakigawana urithi, mali iliyotoka upande wa mke haikuingia kwenye mgawo. Sanduku lile lilikuwa mfuko pekee wa siri wa wanandoa. Mke mwenye fedha aliikopesha kwa riba, akacheza upatu (Wachina wanao, wanauita *hui*), akamnunulia mtoto dawa bila kuomba ruhusa. Fedha hiyo iliitwa *sifangqian*, fedha ya chumbani. Asiye nayo alisubiri posho ya mwezi kutoka kwa mama mkwe, mshika funguo na daftari.

Na nyumba ya tajiri ni ghali kuishi ndani yake, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Chakula ni cha bure, lakini watumishi wanatazamia bakshishi. Mpishi anayetuma uji wa moto, mjakazi anayeleta maji ya kunawa kabla hayajapoa, bawabu anayepeleka barua: kila mmoja anajua nani hutoa na nani hatoi. Mke wa kaka mkubwa amekuja na wajakazi wake wawili, masikio manne yanayomsikilizia nyumba nzima. Binti wa maskini anahudumiwa na mjakazi aliyeteuliwa na mama mkwe, na kila analosema chumbani linafika chumba cha pili kabla ya chakula cha jioni. Ugomvi mwingi unaodhaniwa ni wa mama mkwe na mkaza mwana ulianzia kwa mtumishi aliyenyimwa kidogo chake.

Siku zenyewe zilikuwa na mpangilio. Asubuhi baada ya harusi anapiga magoti na kutoa chai: baba mkwe, mama mkwe, kisha kaka za mume na wake zao kwa umri. Kikombe kwa mikono miwili, na anamtaja kila mtu kwa cheo chake, kaka mkubwa, shemeji wa pili, shangazi wa tatu. Akikosea daraja moja amemtukana mtu. Siku ya tatu anakwenda kwao na mume kusalimia, anarudi. Kisha utaratibu wa kila siku: kuamka kabla ya wakwe, kwenda kuwasalimu, kusimama nyuma ya mama mkwe wakati wa kula, kula baada yake, kutolala kabla hajaruhusiwa. Kupika wapo wapishi. Kazi iliyochosha ilikuwa kusimama, na kwa miguu iliyofungwa kusimama saa mbili ni adhabu tosha.

Wa kumuulizia

Kwa Kihokkien, lugha ya Fujian na Taiwan, wanasema mbinguni mkubwa ni Mungu wa mbingu, duniani mkubwa ni mjomba. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Kaka wa mke ndiye jicho la ukoo wa kike: anaalikwa kwenye harusi ya mpwa na kukalishwa kiti cha heshima, anaitwa kusimamia ndugu wakigawana mali. Mke akifa, huko Fujian na Taiwan jeneza halikupigiliwa misumari mpaka watu wa kwao wamefika na kuutazama mwili. Wakiona alama, au wakisikia alinyimwa matibabu, waliweza kusimamisha maziko, kudai jeneza la bei kubwa, au kuvunja vyombo ukumbini. Tajiri aliogopa fujo ya namna hiyo mbele ya wageni kuliko alivyomwogopa hakimu.

Lakini mjomba maskini anakuja na viatu vilivyochanika, na bawabu anamwelekeza mlango wa nyuma. Kila ziara inahitaji zawadi na kila zawadi inahitaji malipo ya zawadi. Mtoto akitimiza mwezi, watu wa upande wa mama wanatarajiwa kuleta nguo kamili za mtoto, kofia hadi viatu. Wasioweza hupunguza kuja. Siku ya pili ya mwaka mpya, binti walioolewa wanapokwenda kwao na waume zao, yeye anakwenda na mume aliyenuna, au haendi. Usemi wa kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa ulikuwa wa watu wote, lakini tajiri aliendelea kuchungulia maji yake yameishia wapi. Maskini hakuwa na nafasi hiyo, na pengine alikuwa na deni kwa mkwewe.

Suria hakuwa na mjomba kabisa. Karatasi ya mauzo ilikuwa imemaliza habari.

Sheria nayo ilikuwa upande gani? Chini ya Qing, mkaza mwana aliyemtukana mama mkwe alistahili kunyongwa, ingawa kesi ilisikilizwa tu kama mtukanwa mwenyewe ameshtaki. Aliyempiga alistahili kukatwa kichwa. Mama mkwe aliyempiga mkaza mwana bila sababu hadi akafa: fimbo 100 na miaka mitatu ya kazi ngumu. Mume aliyempiga mke bila kumvunja kitu hakuwa na kosa. Mke aliyetoroka alichapwa fimbo 100, na mume akaruhusiwa kumuoza kwa mwingine na kupokea fedha.

Talaka ilikuwa ya mume, kwa sababu saba: kutozaa mtoto wa kiume, uzinzi, kutowatumikia wakwe, maneno mengi, wizi, wivu, na ugonjwa mbaya. Ukizisoma taratibu, utaona maneno mengi na wivu ni vitu anavyoweza kushtakiwa mtu yeyote aliye hai. Kulikuwa na kinga tatu: mke aliyewaombolezea wakwe miaka mitatu, mke ambaye mume alikuwa maskini walipooana na sasa ni tajiri, na mke asiye na kwao pa kurudi. Kinga ya tatu inaonekana imeshonwa kwa ajili ya binti wa fukara, na kweli ilizuia asitupwe barabarani. Wakati huohuo ilimaanisha anabaki palepale. Mume aliyechoka hakuandika talaka, alileta suria.

Pale mambo yalipogeuka

Mwanaanthropolojia Margery Wolf, aliyeishi kijijini kaskazini mwa Taiwan karibu na mwaka 1960, alieleza jambo ambalo maandishi ya wanaume wa ukoo hayakuliona: ndani ya familia ya mume mwanamke hujenga familia yake mwenyewe, ya tumbo lake, yeye na watoto wake. Mtoto wa kiume ndiye nguzo. Kwa hiyo vita vya mama mkwe na mkaza mwana vilikuwa vya familia mbili za tumbo zikigombea mwanamume mmoja. Mama ambaye naye aliingia kama mgeni amemlea mtoto wake miaka ishirini awe bima yake; sasa kuna msichana chumbani kwake.

Kwa binti wa maskini mtoto wa kiume alikuwa zaidi ya bima. Sheria ya Qing iligawa ardhi na mali kwa idadi ya watoto wa kiume, bila kuuliza kama mama ni mke, suria au kijakazi. Sehemu ni sawasawa. Ndiyo maana mke mkubwa tasa aliweza kumchukua mtoto wa suria na kumlea kama wake. Kisheria mtoto alimwita yeye mama, na aliyemzaa alikuwa mama wa daraja la chini. Suria mwenye akili hakugombana juu ya jina. Alihakikisha mtoto anajua nani aliyemnyonyesha, akangoja siku ya *fenjia*, siku ya kugawana nyumba, majiko yanapotengwa na kila ndugu anaondoka na chungu chake.

Mjane alikuwa na hesabu yake. Asiye na mtoto wa kiume akikataa kuolewa tena, alishika sehemu ya mume hadi mrithi ateuliwe pamoja na mkuu wa ukoo. Akiolewa, aliacha mali ya mume na hata vitu alivyotoka navyo kwao. Shemeji wakaona faida: mjane akitoka, sehemu inarudi. Nyumba ileile iliyojivunia mnara wa mawe wa mjane mwaminifu (aliyefiwa kabla ya miaka 30 na kudumu hadi 50, serikali ikatoa liang 30, kipimo cha uzito wa fedha, za ujenzi) iliweza kumsukuma mjane mwingine aolewe haraka.

Kulikuwa na waliokataa mchezo mzima. Huko Shunde, Guangdong, wanawake wa viwanda vya hariri waliapa kutoolewa na kujisukia nywele wenyewe kama ishara. Wengine waliokwisha kuozwa walifanya kazi na kumnunulia mume suria wa kukaa mahali pao. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu yule aliyenunuliwa ndiye binti wa maskini tunayemzungumzia.

Sheria ya ndoa ya mwaka 1950 ya Jamhuri ya Watu wa China ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, usuria, uchumba wa watoto, na pia tabia ya kuwazuia wajane wasiolewe tena. Nje ya bara mambo yalichelewa. Singapore, katika kesi mashuhuri ya wajane sita ya mwaka 1908, masuria walihesabiwa wake na kugawana sehemu ya mjane. Mitala ya Wachina ilifungwa huko mwaka 1961. Hong Kong iliendelea kukubali masuria hadi tarehe 7 Oktoba 1971, na waliochukuliwa kabla ya siku hiyo walibaki na hadhi yao ikiwa mke aliwakubali na familia iliwatambua. Kikombe cha chai kilikuwa kimeingia kwenye sheria.

Leo China bara mwanamke anayeolewa juu ya kwao ana silaha ambazo bibi yake hakuwa nazo. Mume hawezi kudai talaka wakati mke ni mjamzito, wala ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Kwa sheria iliyoanza Machi 2016, mahakama hutoa amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani ndani ya saa 72, au 24 kukiwa na dharura. Aliyebeba kazi za nyumba na malezi anaweza kudai fidia wakati wa talaka. Talaka ya makubaliano inasubiri siku 30, na yeyote kati ya wawili anaweza kujiondoa ndani ya muda huo.

Mahari bado ipo, na wazazi maskini bado wanaila. Orodha ya sanduku ndiyo imebadilika sura. Nyumba iliyonunuliwa na wazazi wa mume kabla ya ndoa na kuandikishwa kwa jina lake ni yake peke yake. Mke aliyetoa akiba yake kwa ukarabati, makabati na mapazia anaondoka na risiti, kama alizitunza. Mabinti wanaojua hili huomba jina lao liingizwe kwenye hati kabla ya karamu, na mama mkwe anayeombwa hivyo hunyamaza kidogo, kisha huuliza kwao wataleta nini.